Namba Iliyochongwa Ubavuni mwa Injini

Kaskazini mwa kisiwa cha Unguja, kuanzia Mkokotoni kuelekea Nungwi, udongo wa mashamba hupungua kidogo kidogo na kuacha mawe ya matumbawe yaliyotokeza juu ya ardhi, makali na yenye matundu, na juu ya mawe hayo njia za ng'ombe na za wakata kuni zimekuwa, katika miaka ya karibuni, njia za kwadi, yaani pikipiki za magurudumu manne ambazo wageni hukodi kwa saa chache ili wazunguke vijijini na kutokea ufukweni. Mgeni huiona kwadi asubuhi ikiwa imeoshwa na kupangwa mstarini pamoja na nyingine, akaipanda akiwa amejifunga kilemba cha kujikinga na vumbi, akairudisha jioni. Maisha ya pili ya chombo hicho, ambayo hupita usiku na siku za mvua katika karakana zilizo nyuma ya nyumba za kijiji, hayaoni, ingawa ndiyo yanayoamua kama kesho yake safari itakuwapo.

Historia ya chombo chenyewe si ndefu. Mwaka 1970 kampuni ya Honda ilianza kuuza Marekani pikipiki ya magurudumu matatu yenye matairi mapana, mwaka 1982 Suzuki ikaja na ya magurudumu manne iliyoitwa QuadRunner LT125, na mwaka 1988 watengenezaji walipokubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza zile za magurudumu matatu kwa sababu ya ajali zake nyingi, ya magurudumu manne ikabaki na uwanja wake. Kwadi za bei nafuu zinazoletwa Afrika Mashariki, hata hivyo, hutoka China, katika miji kama Yongkang ya jimbo la Zhejiang na Chongqing, ambako viwanda vingi hununua injini kwa mtengenezaji mmoja, magurudumu kwa mwingine na nyaya kwa wa tatu, vikaviunganisha katika fremu ya bomba na kuvivika plastiki yenye jina lolote alilolitaka mnunuzi wa jumla. Kwa hiyo kwadi mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na injini ileile, na kwadi mbili zenye jina moja, zilizoletwa kwa makontena mawili, zinaweza kutofautiana kuanzia kabureta hadi upana wa ekseli. Mwenye chombo anayeingia dukani akitaja jina lililobandikwa kwenye tangi hatoki na kipuri. Anayetoka nacho ni yule anayejua chombo chake ni ndugu wa chombo gani kingine, na elimu hiyo ya undugu wa mashine ndiyo iliyomvutia zaidi msafiri aliyepita katika karakana za Nungwi na Kizimkazi, kisha akavuka bahari na kufuata vipuri hadi Kariakoo.

Karakana ya Nungwi iliyo mfano mzuri wa nyingine iko chini ya mkungu, na ardhi yake imekuwa nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Kwadi mpya inapoletwa hapo kwa mara ya kwanza, fundi haulizi inaitwaje. Huchukua kopo la petroli na mswaki mzee, akainama upande wa kushoto, akasugua tope lililogandamana sehemu ya chini ya kasha la injini mpaka herufi zilizochongwa kwenye aluminiamu zionekane, tuseme 162FMJ, kisha akazisoma kwa kidole kama asomaye juzuu. Tarakimu ya kwanza hueleza idadi ya silinda, ambayo hapa ni moja. Mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita, yaani 62. Herufi F huonyesha kuwa injini hupozwa na upepo wa mwendo. M ni alama ya pikipiki. Na J ni kundi la ujazo wa sentimita za ujazo 150, kama vile H ilivyo ya 110, I ya 125 na L ya 200. Ikiwa mahali pa F pana Q, injini hupozwa kwa feni yake yenyewe, na mara nyingi huwa ni ya ukoo uitwao GY6, ambao hauna gia za kubadilisha kwa mguu bali mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana kadiri mwendo unavyobadilika, ukoo uleule uliomo katika skuta nyingi za mjini.

Injini ya 162FMJ ina nasaba inayostahili heshima. Imetokana na Honda CG125, pikipiki iliyotolewa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mikubwa na oili yake hubadilishwa fedha inapopatikana, na kwa sababu hiyo wahandisi wake waliacha kamshafti ya juu inayozungushwa na cheni ya taimini, wakaiweka chini na kuzisukuma valvu kwa fito mbili za chuma ambazo hustahimili kusahauliwa. Viwanda vya China viliinakili, vikaipanua kutoka 125 hadi 150, 200 na zaidi, na leo ndiyo injini ya pikipiki nyingi za Kichina zinazotumiwa na bodaboda, na ya zile za mizigo za magurudumu matatu ambazo Dar es Salaam huitwa guta. Hapo ndipo ilipo nusura ya kwadi. Pistoni, ringi, valvu, gasketi, sahani za klachi na fito zake hupatikana katika duka lolote la spea za pikipiki, hata Mkokotoni, mradi fundi asiombe kipuri cha kwadi bali aombe cha CG ya 150. Bajaj Boxer, ingawa imeenea kila kona ya nchi, haimo katika ukoo huu, kwa kuwa injini yake ina cheni ya taimini, hivyo vipuri vyake vya ndani haviingiliani na vya CG hata pale ujazo unapolingana.

Ugonjwa wa kwadi za Unguja hautokani na injini mara nyingi, bali na nchi. Chumvi ya bahari huingia katika viunganishi vya nyaya na kuvifanya kijani, na kwa kuwa watengenezaji wa bei nafuu huweka viunganishi visivyo na mpira wa kuzuia maji, taa, stata na mfumo wa cheche hufa kimoja baada ya kingine bila mpangilio. Mawe ya matumbawe hukata matairi ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki vizuri. Hata upepo wa tairi ni elimu ya pekee, kwa sababu tairi pana la kwadi huhitaji upepo mdogo sana, kwa kawaida chini ya paundi 10 kwa inchi mraba, wakati geji ya kawaida ya mjaza upepo wa barabarani ndiyo kwanza inaanza kusoma hapo. Mjazaji aliyezoea pikipiki huujaza upepo mara nne ya unaotakiwa, kwadi ikaruka juu ya kila jiwe, na boli za usukani zikalegea kabla ya wiki kwisha. Fundi wa chini ya mkungu alimweleza msafiri kwamba hupima kwa kukanyaga ukingo wa tairi kwa kisigino na kutazama linavyobonyea. Mwanafunzi wake alipoulizwa swali hilohilo hakujibu, akanyanyua mguu na kukanyaga.

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo, ufukweni, mafundi wa majahazi wa Nungwi wanaendelea kuunda vyombo vya mbao kwa jicho na kamba, bila ramani, wakiziba nafasi za mbao kwa kalafati ya pamba iliyopakwa mafuta. Kijana anayejifunza kwao huanza kwa kushika, kuleta na kuchota, na hupewa shoka baada ya muda mrefu. Utaratibu wa karakana ya kwadi ni huohuo. Mwanafunzi, ambaye mafundi wa bara humwita spana boi, huosha vipuri kwa petroli miezi mingi kabla ya kuruhusiwa kufungua kabureta, na hakuna mkataba ulioandikwa, ila mzazi huja na mtoto wake, akamkabidhi kwa fundi mbele ya mashahidi, na kuanzia hapo fundi humwita mwanangu na humkaripia kama mwanawe. Mkokotoni kuna kituo cha serikali cha mafunzo ya amali, na vijana wawili wa karakana hiyo walipita huko. Fundi mwenyewe aliwasifu kwa kusoma michoro ya umeme ambayo yeye haisomi, akasema kazi hiyo sasa huwaachia wao. Ni jambo jema kuona elimu mbili zikikaa kwenye mkeka mmoja bila moja kuidharau nyingine, na bara, ambako mamlaka ya ufundi stadi, VETA, hutoa vyeti kwa mafundi waliojifunza mitaani kwa mpango wa kurasimisha ujuzi, wengi wangefaidika kuliona.

Kusini, Kizimkazi, njia ni za mchanga zaidi kuliko mawe. Kwadi za huko hupita karibu na msikiti wa Dimbani, ambao maandishi yake ya Kikufi hubeba tarehe ya mwaka 1107, na madereva wa kijiji huzima injini wanapoukaribia wakati wa swala, adabu ambayo wageni hufundishwa kabla ya kuondoka. Mchanga huo ni adui wa cheni na beringi. Kwadi nyingi ndogo zina ekseli moja ngumu ya nyuma, isiyo na mfumo wa kuyaachia magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti kwenye kona, kwa hiyo kila kona huwa ni mvutano unaobebwa na beringi mbili zilizomo katika kasha la ekseli. Lakini beringi ni kipuri chenye ndugu wengi kuliko chochote. Namba yake ni ya dunia nzima: 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha 47 na unene wa 14, awe ameitengeneza nani, na kuanzia 04 kwenda juu tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu. Fundi wa Kizimkazi, anapokosa beringi katika maduka ya pikipiki, huenda kwa watengeneza pampu za maji na mashine za kufulia, akaipata huko ikiwa imesubiri kazi nyingine kabisa.

Na cheni ina kanuni zake. Cheni za 420 na 428 zina urefu uleule wa pingili, milimita 12.7, ila ya 428 ni pana zaidi, kwa hiyo 428 inaweza kukaa juu ya sproketi ya 420, ingawa kwa kulegea ubavuni, lakini 420 haiingii kwenye sproketi ya 428 kwa namna yoyote. Mambo hayo yalielezwa wakati wa chakula cha mchana, mikono ikiwa imesuguliwa kwa mchanga na sabuni ya unga, mbele ya sinia la muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, na aliyekuja kuuliza habari ya kwadi yake alisubiri hadi sinia likaondolewa, baada ya kuulizana hali za nyumbani, za wazee na za bahari. Msafiri anayetoka Dodoma, ambako fundi wa pikipiki husimama barabarani na mteja huanza kueleza ubovu kabla hajashuka, huona kwamba muda huo haukupotea, kwa sababu katika mazungumzo hayo ndimo ilimojulikana kuwa kwadi ilizamishwa majini juzi, jambo ambalo mwenyewe asingelisema kama angeulizwa moja kwa moja.

Vitu visivyo na ndugu ndivyo vinavyovusha watu bahari. Boli za usukani, yaani viungo vya mpira wa chuma vinavyoruhusu gurudumu la mbele lipande, lishuke na kugeuka kwa wakati mmoja, hazimo katika pikipiki ya magurudumu mawili. Kisanduku cha cheche, ambacho mafundi hukiita sidiai, kipo katika pikipiki, lakini kipo cha aina mbili: kimoja huchukua umeme wa koili ya injini moja kwa moja na kingine huchukua wa betri, na ukiweka kimoja mahali pa kingine hakuna cheche, hata plagi ya nyaya iwe imeingia vizuri. Vitu vya namna hii hufungwa katika kiroba, vikasafiri kwa boti kutoka bandari ya Malindi, na baada ya mwendo wa saa mbili hivi hufika Dar es Salaam, vikapanda daladala hadi Kariakoo.

Kariakoo, katika mitaa inayoelekea Gerezani, maduka ya spea yamebanana kiasi kwamba mikanda, nyaya za klachi na mabomba ya moshi huning'inia juu ya vichwa vya wapita njia. Maneno ya heshima hubadilika mara moja: aliyeitwa fundi na baba huko Kizimkazi huitwa mkuu na bosi hapa, tena na mtu ambaye hajamwona. Mtu huyo ni winga, kijana asiye na duka anayejua kila kilichomo katika maduka ya wengine, na riziki yake ni tofauti ya bei anayopatana na mwenye duka na ile anayomtajia mteja. Wengi huwalaumu mawinga, na lawama nyingine ni za haki, lakini kwa kipuri kisicho na jina hakuna kitabu cha orodha kinachoweza kushindana na kumbukumbu yao. Winga aliyepewa boli ya usukani ya kwadi aliipindua mara mbili mkononi, akapima uzi wake kwa kuufungia nati iliyokuwa mfukoni mwake, akasema itafutwe kwa wauza vipuri vya bajaji kwa sababu koni yake inafanana, na kama haipo huko ipo ghorofani kwa mtu anayeleta guta.

Sheria ya hapa ni sampuli: kipuri kizee huwekwa juu ya kaunta, kipya huwekwa juu yake, meno huhesabiwa, matundu hulinganishwa, na fedha hutoka baada ya hapo. Beringi huzungushwa kwa kidole karibu na sikio. Kwa vifaa vya umeme pana tangazo la karatasi ukutani, lililo karibu sawa katika kila duka, kwamba vikishatoka havirudishwi, na ndiyo sababu sidiai hujaribiwa palepale kwenye pikipiki ya jirani. Muuzaji mwaminifu husema mwenyewe kipi ni orijino na kipi ni kopi, yaani kilichonakiliwa kwa chuma chepesi zaidi, akataja bei zote mbili. Wateja kutoka Zambia na Kongo, wanaonunua kwa magunia, na Wakongo wakihesabu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, huchagua kopi kwa taa na vioo, na orijino kwa beringi. Wakati wa wali na dagaa kwa mama lishe, kwenye benchi la pembeni mwa barabara, mjadala uliosikika ulikuwa ni wa ringi za pistoni za kiwanda gani hudumu zaidi kwenye vumbi la Lubumbashi.

Kisichopatikana hata hapo hutengenezwa. Bushi za mikono ya mbele hukerezwa kwa naironi au shaba na mafundi wa Gerezani, ambao huhitaji vipimo viwili tu, cha ndani na cha nje. Plastiki za mwili hutobolewa kwa msumari wa moto kandokando ya ufa, zikashonwa kwa waya mwembamba, na mshono huo hudumu kuliko gundi yoyote. Yote haya yanapendeza na yanastahili kusifiwa. Lakini kuna mahali ambapo ustadi wa namna hiyo haufai kukaribishwa, napo ni kwenye usukani na breki. Ufito wa usukani uliokatika na kuchomelewa huonekana mzima, nao umekwisha nguvu pembeni mwa mchomeo, na anayeutegemea ni mgeni asiyejua kuwa kuna mchomeo, anayepita katikati ya kijiji chenye watoto njiani. Fundi wa Nungwi alikuwa na kwadi mbili zilizosimama wiki nzima zikingoja fito hizo, huku mwenyewe akishinikizwa na msimu wa wageni, na alikataa kuzichomelea. Waingizaji wa kwadi hizi, wanaojaza kontena kwa vyombo vizima bila hata sanduku moja la boli na fito, humwachia mtu kama huyo mzigo ambao ulikuwa ni wao, na hilo ni kosa linaloweza kurekebishwa kwa gharama ndogo kuliko ya kwadi moja.

Mabadiliko makubwa zaidi yako njiani. Kwadi mpya zaidi hazina kabureta, bali pampu ya petroli ndani ya tangi, sindano inayonyunyizia mafuta na kompyuta ndogo inayoamua kiasi, kwa kuwa kanuni za moshi za China na Ulaya zimewalazimisha watengenezaji kwenda huko. Kabureta hueleza ugonjwa wake kwa uchafu unaoonekana. Kompyuta hueleza wake kwa taa inayowaka na kuzima kwa idadi fulani, na anayejua kuhesabu mimweko hiyo lazima awe na jedwali la tafsiri yake. Vijana waliopita Mkokotoni wameanza kukusanya majedwali hayo katika daftari la shule lenye mistari, ambalo kurasa zake za mbele zina mwandiko wa fundi wao: namba za beringi, meno ya sproketi, aina za sidiai kwa rangi za nyaya, na pembeni ya kila moja duka la Kariakoo lililokuwa nayo.

Kurasa hizo hupigwa picha, na picha husambaa. Sasa fundi wa Nungwi anayetaka kipuri hukiweka juu ya rula, akakipiga picha kwa simu na kuituma kwa winga, ambaye hujibu kwa picha ya kingine juu ya kaunta, na kipuri huondoka na boti ya jioni. Njia hiyo imepunguza safari nyingi, ingawa picha haionyeshi uzito wa chuma wala mlio wa beringi inapozungushwa; ndiyo maana vitu vya breki, vya usukani na vya ekseli bado hupewa mtu avibebe mkononi, avilinganishe kwa macho yake na avisikilize, na picha huachiwa taa, vioo na plastiki.